Kwaresima Kwenye Meli ya Walioshiba

Jumanne, 20 Februari. Mormugao, Goa

Lavina, mkwe wangu, nakusalimu wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye utakayewasomea wenzako daftari hili, na ni wewe tu unayeuelewa mwandiko wangu. Mbusu Zelia mashavu yote mawili, mwambie bibi yake yuko kwenye nyumba inayoelea. Msalimie shemeji yangu Inasinho na mgongo wake, na mkewe Esperança, umwambie sufuria yangu kubwa naijua ina mikwaruzo mingapi. Msalimie mzee Bostião, lakini semea sikio la kulia. Msalimie dada yangu Quiteria kule Chinchinim, na Padre Luciano, na jirani Ermelinda hata kama bado amenuna kwa ajili ya ule ukuta. Nguruwe apewe makapi asubuhi na jioni, asipunjwe.

Mimi mzima. Tuliondoka saa kumi jioni, bendi inapiga, mimi nalia kwenye leso uliyonipigia pasi. Romaldo hakuweza hata kusimama nami, alikuwa chini melini anapanga vijiko. Miaka kumi na miwili mwanangu anawapakulia watu chakula baharini, ndipo wakubwa wake wamemruhusu kumleta mama yake safari moja, mpaka Southampton, Jumatatu ya Pasaka. Kwaresima yangu yote nitaifunga humu.

Nimepewa chumba changu peke yangu, kitanda cha kulala watu wanne, na choo kinachomeza kwa kelele kama nguruwe wetu. Juu ya mto wameniwekea chokoleti. Kesho ni Majivu. Nimeitia ndani ya soksi, ni ya Zelia.

Jumatano ya Majivu, 21 Februari

Kaitan, yule mpishi wa Cuncolim, alikuwa ameletewa bandarini majivu ya Padre Luciano ndani ya kikopo cha filamu ya kamera. Alfajiri Wagoa ishirini na watatu tulisimama kwenye chumba cha kufulia, katikati ya mashuka, tukapakwa. Wote humu wananiita Tia, yaani mama mdogo, kama vile ni watoto wa dada zangu.

Nikapanda juu kunywa chai. Kabla sijavuta kiti, mwanamke mmoja akachovya kitambaa kwenye maji akanifuta paji la uso. Akanifuta! "Mpenzi, umejipaka masizi," akasema, anatabasamu na meno yake yote mapya. Nina miaka sitini na moja, na hakuna mtu aliyewahi kunifuta majivu.

Huyo ni Lorna Krantz, wa Florida. Tumepangwa meza moja, namba kumi na mbili, mpaka mwisho wa safari. Mumewe ni Delbert, aliuza magari mpaka akachoka kuwa tajiri. Wa nne wetu ni Bibi Ollerenshaw, mjane wa Harrogate huko Uingereza. Kifuani ana pini ya dhahabu. Humu pini zinatolewa kwa hesabu ya siku ambazo mtu amepanda meli za kampuni. Yeye ana siku elfu mbili na kitu, na watu wanampisha mlangoni. Kwetu Assolna mtu aliyekaa baharini siku elfu mbili tunamwombea.

Na mhudumu wa meza namba kumi na mbili ni Romaldo.

Alhamisi, 22 Februari

Bahari. Wamekula mara sita.

Jumamosi, 24 Februari

Romaldo alikwisha kunionya tangu nyumbani: "Mai, ukumbini mimi ni weita, wewe ni mgeni. Usiniite mwanangu. Wageni wakijua watanionea haya au watanionea huruma, na vyote viwili vinaharibu kazi." Nimekubali kwa mdomo. Lakini Lavina, hebu wewe kaa kwenye kiti, mtoto wako akuwekee kitambaa mapajani, aseme "Habari za jioni, Bibi," halafu arudi nyuma hatua moja na mikono mgongoni. Chakula kinapita wapi?

Jana nikakusanya sahani za wote, nikaparuza mabaki kwenye sahani ya juu ili apate wepesi wa kuzibeba. Lorna akanishika mkono. "Acha, mpenzi. Yeye yupo kwa ajili hiyo."

Yeye yupo kwa ajili hiyo. Nilimzaa siku mbili usiku na mchana, mkunga akakata tamaa, kumbe ni kwa ajili ya kubeba mifupa ya kuku wa Lorna Krantz.

Kiingereza chao nakielewa vizuri kuliko wanavyodhani. Miaka saba nilikuwa mpishi wa Waingereza Bombay, na aliye jikoni husikia yote.

Jumanne, 27 Februari

Bibi Ollerenshaw amejipa kazi ya kunifundisha kusafiri. Jana alinishika baada ya chai, sikuwa na pa kukimbilia.

"Bibi Cardozo, usichukue kamwe chumba kilicho chini ya ukumbi wa dansi. Omba cha katikati, chini, hapo meli haitikisiki. Ukifika bandarini usishuke na wa kwanza, utasimama juani kama kondoo. Na kiti cha kando ya bwawa kiwekee kitabu saa kumi na mbili asubuhi, kisha rudi ukalale."

"Na kitabu utakisoma lini?"

"Hakisomwi. Kinashikilia kiti."

Nilidhani ananitania. Leo asubuhi nikaenda kuangalia. Lavina, kweli tupu! Viti themanini, vitabu themanini vinaota jua, na hakuna hata binadamu mmoja. Wenye viti wamelala, na wengine wanaotaka kukaa wanazunguka kando ya vitabu kwa adabu, hakuna anayethubutu kugusa.

Ijumaa, 1 Machi

Romaldo ana nusu saa tu baada ya chakula cha mchana. Leo alinijia chumbani, akavua viatu, akalala chali sakafuni. Miguu imevimba kama mikate. Nikamkanda.

Akaniambia jambo, nami nakuandikia jinsi lilivyo. Nafasi ya msaidizi wa mkuu wa ukumbi iko wazi. Atakayepewa atafanya miezi minne melini na miwili nyumbani, si kama sasa, miezi tisa melini kwa wiki sita nyumbani. Wanaotazamwa ni wawili, Romaldo na Mkroeshia mmoja anaitwa Zvonko. Uamuzi utatoka safari hii hii.

"Mai," akasema, macho juu darini, "mara ya mwisho Zelia alijificha nyuma ya Lavina. Akamuuliza, huyu mjomba analala hapa?"

"Ni mtoto."

"Nikakaa wiki sita. Siku anayoanza kuniita Pai, baba, teksi ipo mlangoni."

Nimeanza novena leo hii, na sitaomba kitu kingine kwa Mungu mpaka hicho kipatikane. Wewe pia washa mshumaa.

Jumapili, 3 Machi

Delbert alimpigia Romaldo vidole. Vidole! Kama kumwita mbwa. Kosa lilikuwa barafu mbili badala ya tatu.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimecheka mpaka nikaumwa mbavu, na ni dhambi kwa Ijumaa.

Unajua Ijumaa za Kwaresima mimi ni uji wa mchele, chumvi na achari basi. Kaitan ananipikia kwenye jiko la wafanyakazi, Romaldo ananiletea chini ya kifuniko cha fedha kana kwamba ni kamba mkubwa. Achari natoa mwenyewe kwenye mkoba. Sasa Bibi Ollerenshaw akaona.

"Hiyo ni nini? Mbona haimo kwenye orodha ya vyakula?"

Romaldo akasema ni chakula maalumu cha mgeni. Bibi yule akawa kama aliyechomwa moto! Mtu mwenye pini ya dhahabu aambiwe kuna kitu maalumu na si chake?

"Nitaonja," akasema. Akaonja. Akafumba macho. "Kitamu sana. Safi. Kinapumzisha tumbo."

"Sisi pia!" akadakia Lorna. "Delbert, weka pembeni hiyo nyama."

Meza ya jirani wakauliza. Mpaka saa nane mchana Kaitan alikuwa amepika masufuria matatu, na mpishi mkuu Mfaransa amekwisha kuupa jina refu na kuutia kwenye orodha ya kesho na jani la kijani juu yake. Watu hawa wamelipa thamani ya nyumba ili waje kula uji wa toba wa mjane wa Assolna. Na hawatubu kitu. Baada ya uji wakala keki.

Jumatatu, 11 Machi

Tunakaribia nusu ya safari. Chumbani tumewekewa kadi nene, ina picha ya meli. Wanataka umpe kila mhudumu alama, kuanzia moja mpaka kumi: anayetandika kitanda, anayemimina mvinyo, na weita wa meza. Nikaona "Romaldo Cardozo" limeandikwa kwa mashine. Moyo wangu ukajaa.

Nikakaa na kalamu muda mrefu. Kumi? Kumi simpi, hata kama ndiyo anayostahili. Wewe unanijua. Ulipomzaa Zelia wageni wakasema ni mzuri, mimi nikasema pua yake kama kiazi, halafu nikamzungushia chumvi na pilipili nikazichoma, kuondoa jicho baya. Mtoto wako ukimsifu mzima mzima mbele za watu, unamwanika. Na kadi hii sijui inasomwa na macho ya nani. Hasa sasa ambapo kuna nafasi inayogombewa na watu wana husuda.

Nikampa saba. Mwalimu wetu wa parokia hakuwahi kumpa mtu saba tangu Goa iumbwe, na mimi mwenyewe nilitoka darasa la tatu na alama nne na nusu. Chini nikaandika kwa Kiingereza changu: "Kijana ana bidii, ila amekonda." Aliyetandika kitanda nimempa kumi, mama yake yuko mbali, hatadhurika.

Jumanne, 12 Machi

Mfereji wa Suez. Pande zote mchanga. Lorna alilalamika kwamba hakuna cha kuangalia.

Ijumaa, 15 Machi

Lavina, habari mbaya.

Kaitan alinikuta kwenye ngazi. Uso wake kama jivu. "Tia, amekuambia?"

"Kaniambia nini? Ameumwa?"

"Heri angeumwa. Orodha ya kadi imebandikwa chini. Romaldo wageni wote wamempa juu kabisa, isipokuwa kadi moja. Moja tu, chini ya mstari."

"Mstari gani?"

"Kuna mstari, Tia. Kadi moja chini yake, unaandika barua ya kujieleza, na jina lako linaondolewa kwa wanaopandishwa. Ndiyo sheria ya humu. Zvonko amebaki peke yake."

"Nani kaiandika?"

"Hatuonyeshwi. Lakini wewe unakaa pale. Ni nani anarudisha samaki mara tatu?"

Nani mwingine? Juzi tu Bibi Ollerenshaw alirudisha samaki kwa sababu alikuwa "anamwangalia". Nyoka yule. Anakula uji wa mwanangu, anafumba macho, halafu anapanda chumbani kwake na kalamu. Siku elfu mbili baharini, hana mtoto, hana mjukuu, hana hata paka wa kumkwaruza, na kwa kuchezea kalamu dakika moja amemfanya mjukuu wangu aendelee kumwita baba yake mjomba.

Chakula cha jioni sikula. Romaldo akaninong'oneza, "Kula, Mai, wanatazama." Akamwekea yule mwanamke samaki wake, akamtoa miiba, mmoja mmoja.

Jumamosi, 16 Machi

Simsalimu.

Jumatatu, 18 Machi

Saa mbili asubuhi nilikwenda bwawani, nikatafuta kitabu cha Bibi Ollerenshaw, nikakiweka chini nikakalia kiti chake. Watu wakaacha kutafuna. Alipokuja nikajifanya nimelala. Akasimama pale mpaka akachoka. Sijawahi kukaa mahali patamu namna hiyo.

Alhamisi, 21 Machi

Istanbul. Mvua. Sikushuka. Watu wa meli hii wakishuka wanarudi baada ya saa tatu na kusema wameijua nchi. Delbert ameijua Uturuki, anasema choo chake kilikuwa safi.

Romaldo ameandika ile barua ya kujieleza. Ajieleze nini? Hajui alikosa wapi. Anawaza kila sahani aliyoweka tangu Mormugao. "Labda ile siku ya mchuzi," anasema. "Labda nilichelewa na chumvi." Ananiuliza mimi. Nikamwambia kosa si lake, kosa ni la moyo mbaya wa mtu.

Jumapili, 24 Machi. Napoli

Nitaandika kila kitu, nisiruke.

Chakula cha mchana. Bibi Ollerenshaw alirudisha supu, ina ubaridi. Romaldo akasema "Samahani, Bibi," akaichukua. Alipogeuka mgongo akasema, "Kijana mzuri, lakini leo hayupo hapa. Akili yake imekwenda wapi?"

Damu ikanipanda. Nikaweka kijiko chini.

"Unajua vizuri imekwenda wapi."

"Samahani?"

"Wewe ndiye uliyeandika kadi. Unajua umefanya nini? Ana mtoto wa miaka minne! Umemnyima mtoto baba kwa sababu ya samaki!"

Lorna akasema, "Jamani, jamani," na Delbert akaangalia saa yake. Meza za jirani wakageuka.

Bibi Ollerenshaw hakupandisha sauti. Sijui hawa wanafundishwa wapi. "Bibi Cardozo, kadi ipi?"

"Ya nusu ya safari! Umempa alama mbaya!"

"Nilimpa kumi."

"Mwongo."

"Mama mpendwa," akasema, na shingo yake ikawa nyekundu, "nimejaza kadi hizo miaka kumi na minane. Nampa kumi kila mtu asiyenimwagia kitu mapajani. Mgeni yeyote anayejua meli anafanya hivyo. Tisa ni kumkaripia mtu. Nane ni kumtukana. Chini ya nane ni kumtupa baharini. Hilo ni jambo la kwanza ninalomwambia kila anayepanda meli mara ya kwanza."

"Mimi hukuniambia."

"Nilidhani huna haja ya..." Akaacha katikati. Akanitazama. Delbert naye akaacha saa yake akanitazama, yule mpumbavu.

"Mpenzi," Lorna akauliza taratibu, "kwani wewe ulimpa ngapi?"

Lavina, sikusikia tena kitu. Nikaona kalamu mkononi mwangu, nikaiona saba jinsi nilivyoiandika, na mkia wake mzuri, maana nilijitahidi. Romaldo akarudi na supu ya moto. Akaiweka. Akauliza kama kuna kingine.

Nikainuka nikaondoka, kitambaa bado kimening'inia kiunoni.

Jumatatu, 25 Machi

Nilikwenda kwa Bwana Reinhold, Mjerumani anayesimamia wahudumu wote. Yeye anajua mimi ni nani, jina langu liko kwenye karatasi za wafanyakazi. Ofisi yake ina maua.

Nikamwambia ile kadi ni yangu, mimi ni mama yake, futa. Nikamweleza habari ya jicho baya, chumvi, pilipili, pua ya kiazi. Alisikiliza yote, na kichwa ameinamisha, kwa heshima ile ya kukuonyesha kwamba muda wako unakwisha.

"Kadi ya jamaa wa mfanyakazi haikupaswa kuhesabiwa, Bibi Cardozo. Haikupaswa hata kuletwa chumbani kwako. Nasikitika."

"Basi ifute."

"Orodha ilikwenda makao makuu tarehe kumi na tano. Jana Bwana Zvonko alisaini."

"Jana saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Mimi nilipiga kelele saa saba. Nikamuuliza, watu wazima wenye akili, wamesoma, wana meli kubwa kama kijiji, inakuwaje saba kwao ni tusi? Kati ya moja na kumi kuna namba nyingi, wameziweka za nini kama hawazitumii? Akasema ni swali zuri. Kisha akaniuliza kama ningependa kutembelea chumba cha nahodha.

Jumatano, 27 Machi

Nimemwambia.

Alikuja ile nusu saa yake, akavua viatu. Nikamwambia asilale, akae. Nikasema yote bila kupumua. Akabaki na soksi moja mkononi.

"Ulinipa saba, Mai?"

"Kwa ajili ya jicho."

Akacheka. Kicheko kile cha baba yake siku dari lilipoanguka. Akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea na kicheko kikaisha. "Na hilo 'amekonda'," akasema. "Nimeandika kurasa mbili kuwaeleza kwa nini nimekonda."

Nikataka kumshika. Akavaa viatu, akafunga kamba vizuri, mara mbili mbili. "Nusu saa imekwisha," akasema. Ilikuwa imebaki robo saa.

Jioni akaniwekea kitambaa mapajani. "Habari za jioni, Bibi." Maneno yale yale ya kila siku, Lavina. Ila siku nyingine alikuwa ananikonyeza.

Alhamisi, 28 Machi

Bahari.

Jumapili ya Matawi, 31 Machi

Sikutarajia. Bibi Ollerenshaw alikuja mlangoni kwangu, amevaa kofia. Nilimwomba radhi, Kiingereza kikanipotea katikati. Akasema tuyaache, alikuwa njiani kwenda kwa Bwana Reinhold kumtetea Romaldo. "Pini hii lazima ifae kitu," akasema.

Akakaa huko saa nzima. Nikasali rozari mbili. Akarudi amebeba chupa ya mvinyo.

"Wamesema nini?"

"Wamenipa hii. Kwa usumbufu nilioupata." Akaitazama chupa kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Siku elfu mbili, na kumbe pini yake nguvu zake zinaishia kwenye vinywaji. Alikaa kitandani kwangu. Mwanamke yule ni mpuuzi, na ana kiburi, na leo asubuhi alikuwa ameweka kitabu kwenye kiti kama kawaida. Lakini alikwenda. Lorna na Delbert walisema inasikitisha, wakaomba siagi.

Jumatano, 3 Aprili

Romaldo amesaini miezi tisa mingine. Anaanza Southampton siku ile ile ya kufika, haji nyumbani hata kidogo kwanza. Alikuja kuniambia amesimama mlangoni, sare imepigwa pasi. Amekuandikia barua, Lavina. Kaitan anateremka Lisbon kesho, mkataba wake umekwisha, atawaletea mkononi.

"Nimemwambia Lavina kwamba ni yule Mwingereza," akasema. "Mtu mwenye pini. Wewe pia ukifika sema hivyo hivyo. Hawamjui, hatawahi kufika Assolna, hatadhurika kitu."

"Romaldo."

"Mai, mnaishi nyumba moja. Jiko moja. Miezi tisa. Sitaki niwe huku nikiwaza mnanuniana kule. Sema ni Mwingereza."

Nikasema sawa. Akainama akanibusu kichwani, haraka, mlango ukiwa wazi, mtu yeyote angeweza kuona. Akaenda kupanga vijiko.

Alhamisi Kuu, 4 Aprili. Lisbon

Kaitan amekuja kuchukua mzigo. Barua ya Romaldo iko mfukoni mwa shati lake, daftari hili nimelifunga kwenye khanga yangu ya bluu.

Lavina, barua itakuambia ni Mwingereza. Daftari linakuambia ni mimi. Amini daftari. Nilikubali mbele yake kwa sababu ana kazi ya kufanya na miguu inamuuma, lakini siwezi kukaa jikoni kwako miezi tisa nikikusikia unamlaani mwanamke wa Harrogate kila unapokuna nazi, nami nameza. Wengine uwasomee mpaka pale pa uji, wacheke. Kuanzia hapo soma peke yako. Halafu uamue mwenyewe kama watajua.

Ukija siku moja kupanda meli, na sikuombei, chukua chumba cha katikati, chini, na mtu yeyote akikuletea kadi mpe kumi, hata mwizi.

Tunafika Southampton Jumatatu. Ndege yangu ni Jumanne, natua Dabolim Jumatano alfajiri. Kutoka pale kuna njia mbili, ya Assolna kwako, na ya Chinchinim kwa dada yangu Quiteria, ambaye atanipokea bila kuuliza. Kaitan atafika kwako Jumamosi. Jumamosi hiyo hiyo, tafadhali, usingoje Pasaka ipite, nenda kwenye kibanda cha simu pale sokoni, utume telegramu melini kwa jina langu. Neno moja tu linatosha: Assolna, au Chinchinim. Lolote utakaloandika nitalifuata. Lakini tuma upesi, Lavina, nijue dereva nimwambie aende wapi.